Sheria ya Benchi

Suad aliwatambua kabla hawajapiga hodi. Lori la timu lilikuwa na ngurumo yake, na likizimwa liliguna kwanza ndipo likanyamaza. Akauweka chini ukili aliokuwa akiusuka, akatega sikio. Watu wawili waliruka kutoka nyuma ya lori. Wa kwanza alitua kwa kishindo. Huyo alikuwa Nguma, nahodha na golikipa. Wa pili, Boga, alitua kwa wepesi, akapiga hatua bila kuchechemea.

Amepona, Suad alijisemea, na moyo wake ukafurahi na kuuma kwa pamoja. Kupona kwa Boga ndiko kulikokuwa mwisho wa kuketi naye.

"Ukae papo hapo," alisema shangazi yake, Alawiya, akitokea uani na harufu ya kahawa. "Baba yako kasema usikivuke kizingiti hiki."

"Sijakivuka, shangazi. Tangu harusi ile sijakivuka."

"Na sauti yako nayo isikivuke." Kisha bibi huyo, aliyedai kwamba mpira haumhusu, akasogea dirishani na kuchungulia. "Wamelipaka rangi lori lao. Limependeza, wallahi."

Watu wa Magogoni, mtaa wa kina Suad huko Kisauni, walilizoea lori hilo. Kipevu Rovers ilikuwa timu ya watu waliolipwa kwa kucheza, jambo lililokuwa geni huku kwetu katika miaka ile ya kuungojea uhuru. Wengi wao waliandikwa kazi kwenye matangi ya mafuta ya Changamwe kwa sababu ya miguu yao tu. Lakini si mabao yaliyoipa timu hiyo heshima. Zamani kidogo golikipa wao wa kwanza, Barakat, aliruka kuokoa mpira akaanguka kifudifudi juu ya mstari wa chokaa mbichi. Chokaa ikamwingia machoni, na macho yote mawili yakafa. Wenzake walimzunguka kitandani hospitalini wakaapa kwamba hatakosa mechi hata moja. Tangu hapo mistari ya uwanja wao ilichorwa kwa majivu, na kando ya mstari wa katikati likawekwa benchi. Mchezaji aliyeumia hakulala kwao. Aliketi hapo amsimulie Barakat mchezo. Akaja kipofu wa pili, wakaja wengine, wakaja na viwete wasioweza kusimama katika umati, mpaka lori likawa linazunguka kuwachukua, likivuka feri kuwafuata wa Likoni na daraja la Nyali kuwafuata wa Kisauni.

Barakat aliweka sheria mbili. Ya kwanza, usinipambie, sema unachokiona. Ya pili, ukianza kusimulia usinyamaze mpaka filimbi ya mwisho, hata kama timu yako inafungwa, hata kama unalia. Kipofu aliyeachwa katikati ya mchezo, alisema, ni sawa na kipofu aliyeachwa katikati ya barabara.

Suad alipofuka kwa ndui akiwa bado mtoto wa chuo cha Kurani. Ugonjwa huo huo ulimchukua mama yake. Tangu hapo Mzee Yeslam, baba yake, alimweka ndani kama mtu anavyoweka kitu kimoja kilichosalia baada ya nyumba kuungua. Alawiya ndiye aliyemwombea ruhusa ya kupanda lori, naye akapanda pamoja naye. Huko benchini akaketishwa ubavuni mwa Boga, winga wa Timbwani, ambaye kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevunjika. Msimu mzima Boga alimsimulia. Na kwa kuwa uwanja una kelele, alimsimulia karibu na sikio.

Wanawake waliligeuza sikio hilo kuwa habari ya mji, wakalicheka mpaka harusini, na Mzee Yeslam akamkataza Suad kutoka.

Nje, Nguma alipiga hodi. Mzee Yeslam, aliyekuwa dukani kwake upande wa mbele wa nyumba, aliitundua kofia yake kigingini, akaipiga gotini kuitoa vumbi, akaivaa. Ndivyo alivyokuwa mzee huyo. Biashara aliifanya kichwa wazi. Kofia aliivaa kwa sala na kwa maneno mazito.

"Shikamoo, mzee," Nguma alisema.

"Marahaba. Karibuni barazani."

"Assalamu alaykum, Mzee Yeslam," Boga alisema.

"Wa alaykumu salaam." Alijibu kwa sababu salamu hujibiwa, lakini hakumtazama.

Wakaketi. Nguma alipangusa uso kwa kiganja. "Mzee, tumetumwa na timu. Benchi lina pengo. Desturi yetu ni kwamba asiyeonekana benchini tunamfuata kwao, tujue kama ni mgonjwa."

"Si mgonjwa."

"Alhamdulillahi," Boga alisema, haraka mno.

Sasa mzee alimtazama. "Ni mwanamwali. Hilo tu. Na mwanamwali hanong'onezwi sikioni na mwanamume, Mombasa nzima ikitazama."

"Mzee, uwanjani kuna kelele..."

"Najua kuna kelele! Hata harusini kwa kina Mwanarehema kulikuwa na kelele, na bado dada yangu aliwasikia wanawake vizuri sana wakimcheka mwanangu." Akashusha pumzi. "Sikilizeni, wanangu. Wema wenu siukatai. Mlimtoa mwanangu akaota jua. Alikuwa akirudi hapa usiku anasema na mimi mpaka nasinzia. Lakini huyu kijana leo kapona. Kesho yuko uwanjani, na zamu yake anapewa mwingine. Na huyo mwingine naye akipona? Mwanangu si kazi ya kupokezana."

Boga alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo, ameyabeba tangu kwenye feri, lakini mbele ya uso ule yalimkwama. Kwao ni Timbwani, watu wa minazi na mihogo. Hakuja na baba wala mjomba, kaja na golikipa. Alikitazama kifundo chake kilichopona akakichukia.

Mzee Yeslam alingoja. Alipoona hakuna jibu, aliinuka, akairudisha kofia kigingini. Maongezi yalikuwa yamekwisha.

"Basi mzee," Nguma alisema, akiinuka naye, "maadamu nimefika dukani kwa mtu, nisitoke mikono mitupu. Mama yangu ananidai doti ya kanga." Akamkanyaga Boga kidogo kwa ncha ya kiatu, kisha akamfuata mzee dukani.

Boga alibaki peke yake barazani. Mgongoni mwake palikuwa na dirisha la ukumbi, lenye nondo, vibao vyake vya kijani vimeachwa wazi.

"Suad," aliita kwa sauti ya chini.

"Nipo."

Alikuwa karibu kuliko alivyodhani. Ukuta tu ulikuwa kati yao.

"Umesikia?"

"Yote. Nyumba hii ni ngumu kutoka tu. Kusikia nasikia. Mguu umepona."

"Nani kakwambia?"

"Umeruka bila kuguna. Msimu mzima ulikuwa ukishuka lorini unaguna kama mtu mwenye wajukuu."

Boga alicheka bila kutaka. Kutoka dukani ilisikika sauti ya Nguma: "Hii hapana, mzee. Nyekundu hii! Mama ana mbuzi, watakimbia wote."

"Nacheza kesho," Boga alisema.

"Najua."

"Nilimwambia Nguma sitaki. Nilimwambia anibakishe benchini."

"Akasemaje?"

"Akasema mchezaji mzima anayekataa kucheza hana kazi."

"Nami nasema vivyo hivyo. Usiniletee mguu wako uwe zawadi, Boga. Niuweke wapi? Mimi nilitaka siku moja nikae pale, mtu mwingine anisimulie, nisikie jina lako. Boga anao. Boga anakimbia nao. Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja. Sasa sitalisikia. Nitakaa hapa nisuke ukili mpaka uizunguke nyumba."

"Suad..."

"Ngoja niseme, Nguma hataweza kubisha mpaka magharibi. Shangazi asema haya yetu ni mapenzi ya zamu. Asema ulipangiwa mimi kama askari anavyopangiwa lindo. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Niambie wewe. Ni zamu?"

Boga aliegemeza kichwa ukutani. "Ilianza kwa zamu," alisema. "Siku ya kwanza nilikasirika. Nilitaka kuketi na Barakat tuzungumze mpira. Nikapewa msichana asiyejua kona ni nini."

"Niliijua! Nilidhani ni pembe ya uwanja."

"Ni pembe ya uwanja."

"Basi niliijua."

"Kisha ukaniuliza swali. Ukasema, mpira ukiwa juu hewani, watu nao wanafanya nini? Nikageuka kuwatazama. Wote wameachama, Suad, mpaka mahasimu wetu, mpaka askari wa langoni, kama watoto wanaosubiri kulishwa. Nimecheza mpira maisha yangu yote sikuwahi kuliona hilo. Tangu siku hiyo nikitazama kitu chochote natazama kwa ajili ya kukuletea wewe. Hata nikiwa Timbwani peke yangu. Hiyo si zamu. Zamu huisha."

Dukani Nguma alikuwa akilalamikia pindo.

"Basi nisimulie kitu kimoja," Suad alisema. "Nyumba hii yote inanipamba. Nikiuliza uso wangu ukoje, baba husema kama mwezi. Shangazi husema ndui ilinigusa kidogo tu. Lakini vidole vyangu vinasema mengine. Nilipotoka kitandani, bado mdogo, niliupapasa ukuta wa chumba cha mama nikitafuta kioo chake, nikakuta msumari mtupu. Walimfichia nani kioo, nami sioni? Tangu hapo kila wakinisifu nausikia ule msumari. Nimechoka, Boga. Nimefungwa na mapenzi yao kuliko na milango yao. Nisimulie uso wangu. Kwa sheria ya benchi."

"Usinitake hilo."

"Mwingine wa kumtaka sina."

Boga aligeuka, akapiga magoti barazani, akatazama ndani kupitia nondo. Na hapo aligundua jambo lililomshangaza. Msimu mzima aliketi ubavuni mwa msichana huyu bila kumtazama sawasawa, kwa kuwa macho yake yalikuwa kazini. Alimwona kwa vipande, akiiba. Sasa alikuwa mbele yake, mtandio umeteleza mabegani, mikono imeshika nondo, uso umeinuliwa kuelekea sauti yake.

"Una makovu," alianza, kisha akaanza tena. "Una makovu, na si kidogo. Yanaanzia kwenye paji la uso mpaka kidevuni, kama mchanga ulionyeshewa matone ya kwanza ya mvua. Mashavuni ndiko yalikosongamana. Jicho la kushoto limefumba. La kulia liko nusu wazi, nalo ni jeupe. Mtu akikuona mara ya kwanza atashtuka. Mimi nilishtuka."

Vidole vya Suad vilikaza kwenye nondo. "Usinyamaze."

"Pua haikuguswa. Nyusi ni nzito, moja iko juu kuliko mwenzake, kwa hiyo huonekana kama hujaamini unachoambiwa. Na pembeni mwa mdomo, upande wangu, upande wa benchi nilipokuwa nikiketi, kuna kovu moja peke yake. Ukicheka huzama, huwa kishimo. Hilo nalijua kuliko yote. Nikisimulia la kuchekesha hulitazama hilo kwanza, ndipo nirudishe macho uwanjani. Mara moja nilirudi nikakuta bao limeshafungwa."

"Lile bao la pili na timu ya reli?"

"Lile."

"Uliniambia jua lilikupiga machoni!"

"Nilipamba. Siku hiyo tu."

Suad alicheka, machozi yakimtoka, na kovu likazama. "Liko sasa hivi?"

"Liko. Limezama, na chozi limepita juu yake. Na umependeza, Suad. Sisemi kama mwezi. Mwezi nimeutazama mara nyingi nikageuka nikaenda zangu. Wewe..."

Akakatika. Dukani kulikuwa kimya. Sauti ya Nguma haikusikika tena, wala ya mzee akimjibu.

"Boga? Usinyamaze. Filimbi haijalia."

Angeweza kuondoka. Baraza ilikuwa fupi, lori lilikuwa hatua chache tu, na mguu ulikuwa mzima. Maneno yalitaka kumkwama kama yalivyomkwama mbele ya mzee muda mfupi uliopita. Lakini pale hakuwa benchini. Hapa alikuwa ameanza kusimulia.

"Nyuma yako," alisema, "kwenye mlango wa kutoka dukani, amesimama baba yako."

Suad hakugeuka. Mikono yake ilibaki kwenye nondo kama iliyopigiliwa. "Tangu lini?"

"Sijui. Mwenyewe ndio kwanza nimemwona. Kichwa wazi. Amekuja kufungua sanduku la kanga. Doti moja iko begani mwake."

"Amekasirika?"

"Mdomo ameukaza. Mkono mmoja kaukunja ngumi. Lakini..."

"Usipambe."

"Sipambi. Analia."

"Usimwambie hilo!" Mzee Yeslam alifoka.

"Niwie radhi, mzee. Hapa sina ruhusa ya kuficha."

Mzee alikuja mpaka dirishani. Alisimama nyuma ya bintiye, na pumzi zake zilikuwa kama za mtu aliyepanda kilima. "Nani kakupa ruhusa ya kumwambia mwanangu maneno yale? Miaka yote hii hakuna mtu katika nyumba hii... Nani?"

"Mimi, baba," Suad alisema. "Nilimwomba mimi. Kaniambia yote, na sikufa."

Mzee alipangusa uso kwa ile kanga ya begani. Boga aliona pengo, akaingia, kama alivyozoea kuingia kati ya beki wawili. "Mzee, ulisema mwanao si kazi ya kupokezana. Jibu nilikuwa nalo nikashindwa kulitoa. Sitaki apokewe na mwingine. Nataka mimi..."

"Nyamaza! Posa haipitishwi dirishani!"

Vibao vikavutwa kwa nguvu. Komeo likapita.

Boga alibaki amepiga magoti mbele ya mbao. Rangi ya kijani ilikuwa imebabuka, na nyuma yake hapakuonekana hata mwanga. Nguma alitokea upande wa duka, jasho likimtiririka.

"Nimekosea," alinong'ona. "Nimezikataa zote, ndipo akasema ngoja nikuletee za ndani. Ningesifu hata moja angebaki pale pale. Inuka twende, kabla hajaita majirani."

"Siendi."

"Boga, mechi ni kesho!"

"Filimbi haijalia."

Nguma alimtazama, akatazama mbao, kisha akaketi barazani kama mtu aliyetuliwa mzigo asiouomba.

Boga aliweka paji la uso kwenye ubao. Hakuona chochote, wala hakujua kilichokuwa kikitendeka upande wa pili, na kwa mara ya kwanza alielewa maneno ya Barakat juu ya kipofu aliyeachwa katikati ya barabara.

"Boga." Sauti ilikuja ndogo, kutoka kwenye ufa. "Upo?"

"Nipo. Sioni kitu."

"Najua. Basi leo mimi ndiye wa kusimulia. Baba hajaondoka. Mgongo wake uko ukutani, nausikia ukiukwaruza. Sasa kaketi juu ya sanduku; limelia. Hasemi. Shangazi kaingia na kahawa, amesimama katikati. Vikombe vinagongana kwenye sinia. Hajamimina."

"Halafu?"

"Ngoja. Baba anamuuliza jambo, chini chini. Anamuuliza, 'Alijua muda wote?' Shangazi kasema, 'Tangu siku ya msumari, kaka. Nilimwona akiupapasa.' Baba kasema, 'Na hukuniambia.' Shangazi kasema..." Suad alisita. "Kasema, 'Ulikuwa ukisema kama mwezi kwa furaha sana.'"

Nguma aliinamisha kichwa.

"Kimya sasa," Suad aliendelea. "Anapenga kamasi. Ananyanyuka. Anatembea, Boga. Haji kwangu. Amepita mlango wa ukumbi."

"Anakwenda wapi?"

"Sijui. Amesimama. Yuko mlangoni mwa duka, penye kigingi." Sauti yake ikapotea kabisa, na Boga akausukuma uso wake kwenye mbao kana kwamba zingeweza kupisha.

"Suad?"

"Nimesikia kofia ikipigwa gotini."

Nguma aliruka wima, akaanza kujifunga vifungo vya shati ambavyo havikuwa vimefunguka. Boga aliinuka polepole. Magoti yake yalikuwa na vumbi jeupe la baraza, naye hakukumbuka kulipangusa. Hatua za mzee zilikuwa zimeanza kusikika, nzito, zikija nje.

"Kaa sawa," Suad alinong'ona nyuma ya dirisha lililofungwa. "Na chochote atakachokuuliza juu yangu, usinipambe."